Chai ya Fundi wa Magoti

Nianze na milango, kwa sababu kabla sijamjua yeye niliijua kazi yake kwenye milango ya mtaa wetu wa Nyamianda, mjini Uvira. Mfukoni alibeba kichupa cha dawa ya macho alichokijaza mafuta ya cherehani. Akipita mahali akasikia bawaba inalia, alisimama, akaingia hata kama hakukaribishwa, akadondosha matone mawili, akafungua na kufunga mlango mara tatu, kisha akaenda zake. Mama yangu aliwahi kumkuta amepiga magoti mbele ya mlango wa chumba chake cha kulala. Alimuuliza kulikoni.

“Iko inaumia, Mama,” alijibu. “Weye husikiaki?”

Mama alikasirika siku nzima, lakini kuanzia hapo mlango ule haukulia tena.

Kazi yake hasa ilikuwa miguu ya bandia. Alikuwa na atelye, karakana yake, nyuma ya kituo cha afya, vyumba viwili na kibaraza cha changarawe, na humo alitengeneza miguu kwa chuma, mbao, ngozi na plasta. Watu wote walimwita Fundi, wengine Fundi wa magoti, maana miguu iliyokatwa chini ya goti aliiona kazi rahisi tu, karibu ya kuchezea. Goti ndilo lililomnyima usingizi. Alisema kifundo cha mguu kinasamehe na nyonga inavumilia, lakini goti linakumbuka kila kitu ulicholifanyia. Mimi nilimwita Papa, kama tunavyowaita wazee wa umri wake, na nilipoanza kusoma uhandisi akaacha kuniita mutoto wangu mbele ya watu. Akawa ananiita enjeniere, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

Hakupenda neno mgonjwa. Kwake mtu aliyekuja kupimwa alikuwa mwenye mguu. Na hakuanza na utepe wa kupimia. Alianza na swali, unafanya kazi gani, na jibu moja halikumtosha. Mkulima wa mpunga kutoka Nyakabere akisema analima, Fundi aliuliza unapanda umeinama au umechuchumaa, matope yanafika wapi, ukitoka shambani unapita tuta au unapita maji. Mchungaji wa ng’ombe kutoka milima ya juu alimwambia kwamba kwake hakuna njia tambarare hata moja. Fundi akamtengenezea goti lenye komeo ambalo angeweza kulifunga akishuka na kulifungua akipanda, na akamfundisha kulifunga kwa kidole kimoja bila kuacha fimbo. Yule mchungaji alirudi baada ya mwaka mmoja na galoni la maziwa. Fundi hakunywa maziwa. Aliligeuza goti juu chini akitafuta mahali palipolika, akaniita nione.

“Angalia. Iko imelika upande wa kushoto. Kule kwao mulima iko kushoto akienda, na akirudi anakuwaga amechoka, hajali. Goti inasema yote.”

Alikuwa na tabia nyingine iliyomletea aibu. Alipenda kufuata watu sokoni ili aone wanavyokwenda. Siku moja alimfuata mwanamke mmoja kutoka soko hadi karibu na daraja, akimwangalia visigino, mpaka mume wa yule mama akajitokeza. Fundi alijitetea kwamba bibi huyo anatupa mguu wa kulia nje kidogo, na kwamba baada ya miaka kumi goti litamuuma. Hilo halikumsaidia. Alirudi atelye kola imechanika, na jambo lililomsikitisha ni moja tu, kwamba hakupata nafasi ya kuuona mguu wa kushoto.

Mtu akitaka kumwelewa lazima aijue chai yake. Kwenye kona ya atelye palikuwa na mbabula ndogo, jiko la makaa, chini kabisa, sakafuni, na birika jeusi. Mguu ukishakamilika, mwenye mguu akishatembea kibarazani mara kumi, akageuka, akapanda ngazi na kushuka, wote tukishafurahi, Fundi aliuliza neno lake.

“Na chini?”

Basi mwenye mguu alitakiwa akae chini kando ya mbabula. Si kwenye kiti wala kigoda. Kila mtu alikaa kwa namna ya kazi yake, wa shamba kwa kuchuchumaa, mshonaji wa nyavu kwa kukunja miguu, mama wa jikoni kwa namna ya jikoni. Akikaa, ndipo Fundi alipoweka birika motoni. Mtu angekaa hapo mpaka maji yachemke, chai inywewe, kisha asimame mwenyewe bila kushikwa. Akishindwa, mguu ulirudi mezani. Miaka hiyo sikumbuki mtu aliyeondoka na mguu bila chai. Mtaani, ukisikia fulani ameshakunywa chai, ulijua anatembea.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Nilikuwa mwanafunzi niliyekuja kwa mafunzo ya kazi, na chai ile ilitupotezea saa nzima.

“Bazungu banakaa kwa kiti,” alisema. “Magoti yenye inatoka kule inajua kiti. Hapa kwetu muntu anaishi chini. Anapika chini, anasali chini, anafua chini, anapokea bageni chini. Ukimupa goti yenye inajua kutembea tu, umemupa njia, umemunyima nyumba.”

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Ningali nalo. Niliyapigia mstari mara mbili, na kuyapigia mstari ndiyo ilikuwa kazi yote niliyoyafanyia.

Hakuwa malaika. Alihubiri subira na yeye mwenyewe hakuweza kusubiri ugali upoe, aliungua ulimi kila mchana na kila mchana alishangaa. Alikuwa shemasi kanisani, lakini chuma kikikataa alitoa matusi ya Kifuliiru ambayo wateja wa kutoka uwandani walijifanya hawakuyasikia. Alidharau kompyuta yangu, akiiita sahani ya mwanga, halafu nikitoka nje nilimkuta anaigusa kwa kidole. Na alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa wale aliowapenda. Kwa hao alikuwa laini kupita kiasi. Wakati huo niliuona huo kuwa ndio uzuri wake.

Nilipopata nafasi ya kwenda kuendelea na masomo Ulaya, katika maabara inayochunguza mwendo wa viungo, Fundi alifunga atelye siku nzima ili anisindikize mpakani. Huko nilijifunza mengi. Nilijifunza kumbandika mtu vidude vidogo pajani na kwenye muundi ili kompyuta ichore mkunjo wa goti lake hatua kwa hatua. Nilijifunza kupima uzito unaopita katikati ya kiungo, na jinsi chuma na plastiki vinavyosagana ndani ya goti la kupandikizwa. Tulikuwa na mashine iliyokunja na kukunjua goti usiku na mchana bila kuchoka. Mashine ile ilitembea tu. Haikukaa chini hata mara moja, kwa sababu haikutengenezwa hivyo.

Kazi yangu kubwa ilikuwa goti jipya la mguu wa bandia, jepesi, la bei nafuu, lisilohitaji komeo. Nilirudi Uvira kupima watu kwa ajili yake. Nilitandika mkeka wa mpira kibarazani kwa Fundi na wenye miguu wake wote wakapita juu yake, kwenda na kurudi, na vidude vyangu pajani. Fundi alisimama pembeni mikono nyuma. Jioni ya kwanza aliniuliza.

“Na chini?”

Nilimweleza kwamba mtu akichuchumaa vidude vinabanwa na kuanguka, na kamera zangu hazimwoni. Nilimwahidi kwamba nitaongeza. Alisema sawa. Siku ya pili aliuliza tena, nikaahidi tena. Siku ya tatu hakuuliza.

Sikuongeza. Ndani ya goti langu kulikuwa na kibomba cha mafuta kilichofanya hatua iwe laini, na kibomba kile kilichukua nafasi. Goti lilikunjika mpaka pembe ya mtu aliyekaa kitini, na kidogo zaidi, kisha likagota kwenye kizuizi. Niliiona namba ile kwenye kompyuta na niliielewa. Mwishoni mwa ripoti yangu niliandika sentensi moja, kwamba kuchuchumaa kutachunguzwa baadaye. Msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Profesa, alisifu sentensi hiyo. Alisema inaonyesha unyenyekevu.

Wa kwanza kulivaa goti lile alikuwa mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, jirani yetu, ambaye Fundi alimtengenezea mguu zamani. Kazi yake ilikuwa ufukweni. Asubuhi alipokea samaki wabichi kutoka mitumbwini, akawaanika juu ya nyavu kwenye mchanga, na mchana kutwa alijiburuza kati ya nyavu amekaa chini, mguu wa chuma ameukunja chini yake, akiwageuza ndagala na kuwatoa changarawe. Mguu wake ulikuwa mbaya wa sura. Ulikuwa na mikanda ya ngozi iliyonuka samaki na komeo lililotoa mlio ambao ulimtangulia kanisani. Mama mwenyewe aliuchoka. Aliniambia anataka mguu wa kimya.

Profesa na wenzake wawili walikuja kwa siku moja kupitia Bujumbura. Mama alivaa goti langu na kutembea kibarazani, na niseme ukweli, alitembea vizuri sana. Alicheka, akazunguka kama bibi harusi, wakampiga picha. Hata Fundi alifumba macho ili asikilize hatua zake kwenye changarawe, maana kwa sauti tu alijua mguu upi unadanganya, na alipoyafumbua aliniangalia kwa fahari ambayo sijaistahili tena tangu siku ile.

Kisha akaenda kwenye kona akawasha mbabula. “Na chini?” alisema.

Gari lilikuwa linangoja. Mpaka ulikuwa unakaribia kufungwa, na Profesa alikuwa ameangalia saa mara mbili. Nilimsogelea Fundi nikamwambia kwa sauti ya chini, “Papa, leo tuache chai. Bageni batachelewa.”

Aliniangalia, akaangalia birika. Aliinama akaliondoa motoni yeye mwenyewe, maji yakiwa bado baridi.

Lilibaki jambo moja. Profesa aliuona mguu wa zamani wa mama pale ukutani, akauinua, akafungua komeo na kulifunga, akasema ni kazi ya ajabu na kwamba maabara ingependa kuuchunguza. Fundi alisema ule mguu ubaki kwanza. Nilimwambia tutaurudisha baada ya miezi miwili. Mama mwenyewe, kwa furaha ya siku ile, akasema bauchukue tu, minye niko na mupya. Niliufunga kwa kitenge nikauweka kwenye gari.

Ujumbe wa Fundi ulinifikia Ulaya baada ya majuma matatu. Ulikuwa mfupi. “Mama wa ndagala hawezi kukaa chini. Leta mguu.”

Nilimwandikia Profesa. Mguu ulikuwa tayari kwenye kabati la kioo, mlangoni mwa maabara, taa ndogo ikiumulika, na kuutoa kulihitaji barua na sahihi. Niliandika barua. Kisha kukawa na mkutano, kisha likizo, kisha nikaanza utafiti mwingine wa magoti ya kupandikizwa, nikawa napita mbele ya kabati lile kila asubuhi bila kugeuza kichwa. Huko Uvira mama alijaribu kufanya kazi amesimama, ameinama kutoka kiunoni. Mgongo ulikataa. Akajaribu kukaa mguu umenyooka mbele yake, ukawa unalala juu ya samaki wa wenzake. Mwishowe akaulazimisha kukunjika kwa uzito wake wote. Kizuizi kikapasuka, akaanguka ubavu, akalala nyumbani msimu mzima wa mvua. Pale ufukweni mchanga usiokaliwa hupata mwenye mwingine mara moja. Alipopona nafasi yake ilikuwa na nyavu za mtu mwingine, akahamia kijiji cha Runingu kwa dada yake.

Haya yote niliyapata kwa dada yangu, si kwa Fundi. Dada yangu aliniambia pia kwamba watu walimwendea Fundi na kumuuliza imekuwaje, yeye na chai yake yote, na kwamba alijibu kila mtu kwa neno moja, “Ni minye nilikosa.” Jina langu halikutajwa. Watu kadhaa waliacha kwenda kwake. Yule mchungaji wa ng’ombe hakuja tena na maziwa.

Miaka ikapita, pamoja na mafuriko na milio ya bunduki, na safari ambazo watu walikimbia ng’ambo ya ziwa na kurudi. Mwaka jana maabara ilihamia jengo jipya, na kabati la kioo halikuwa na nafasi huko. Niliuomba mguu, nikapewa siku hiyo hiyo. Hapakuhitajika barua yoyote.

Nilimkuta Fundi atelye, amekaa kwenye kiti kirefu cha mbao ambacho sikukijua. Alikuwa amezeeka. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, wakampandikiza la chuma Bujumbura. Aliinua suruali akanionyesha kovu kwa furaha ya mtaalamu, akakunja goti mpaka lilipofika, likagota. Halikufika mbali.

“Inatembea muzuri,” alisema. “Haina maumivu. Lakini enjeniere, bale benye kupima, balipimaka bantu ya wapi?”

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeishi ndani ya jibu hilo miaka yote. Nilimwambia kwamba magoti kama lake hupimwa zaidi kwa kutembea. Akatikisa kichwa polepole. Mbabula ilikuwa bado sakafuni kwenye kona ileile, lakini alikuwa amejitengenezea chuma kirefu chenye ndoano ili afikie birika akiwa juu ya kiti.

Nilifungua kitenge nikampa mguu. Aliutambua kabla haujatoka wote. Akataka kufungua komeo, likakataa, maana kule walikuwa wameupaka vanishi ili ung’ae kwenye kioo.

“Nani alipaka hii?”

Akatoa kichupa chake mfukoni, akadondosha matone mawili, akasubiri, akakwangua kwa ukucha, mpaka komeo likalia ule mlio wake wa zamani. Nikamwambia twende Runingu tumpelekee mama.

“Hautamuenea tena. Mwili imebadilika. Nilimwendea, nilimwambia nitamutengenezea mungine.” Aliuweka mguu magotini mwake. “Akaniambia, Fundi, nimechoka kujaribiwa. Anatembelea mikongojo. Anakaa kwa kiti, mbele ya mulango ya dada yake.”

Nililia, na yeye akaniacha nilie. Nilipomaliza alisema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyaweka kwa ajili yangu muda mrefu.

“Usijichape sana, mutoto wangu. Weye hukujua. Minye nilijua. Ile siku asubuhi, mbele bageni bafike, nilikamata goti yako, nikaikunja na mukono. Ikakataa. Nikasema bon, tutafika kwa chai, enjeniere ataona mwenyewe. Halafu uliniomba tuache chai, na sikuweza kukunyima. Ni minye.”

Ningeweza kunyamaza. Mara nyingi natamani ningenyamaza. Lakini alikuwa ameubeba mzigo wangu mbele ya mji mzima, na sikuweza kumwangalia akiendelea kuubeba.

“Papa, nilijua. Namba ilikuwa kwa kompyuta. Niliiona kabla nitoke kule. Nilijua itagota.”

Alifungua komeo na kulifunga, mara moja tu, kisha akaupa ukuta uso wake.

“Nilipendaga kuwaza kwamba hukujua,” alisema.

Nje mtu alipita kwenye changarawe na kwa mara ya kwanza Fundi hakutega sikio. Nikakunja kitenge changu, nikasimama ili niage.

Alichukua chuma chake kirefu, akakoroga makaa, akapuliza kwa shida kutoka juu ya kiti. Nilikwenda kumsaidia. Nilijaza maji kwenye birika, kisha nikatafuta kwa macho mahali pa kukaa, kigoda au hata sanduku.

“Na chini?” alisema.

Nikachuchumaa kando ya mbabula. Nina miaka mingi ya viti, na ndani ya muda mfupi visigino vyangu viliinuka, mapaja yakaanza kutetemeka, nikaweka kiganja kimoja sakafuni. Fundi akaning’iniza birika kwenye ndoano, akaliteremsha taratibu juu ya moto.

“Papa, naweza kusimama kidogo?”

“Kaa,” alisema. “Maji bado haiyachemka.”